Daft Punk, Random Access Memories: maroboti walipoita wapiga vyombo

Mei 2013 hii albamu ilipotoka mi niliichukia siku mbili nzima, nasema ukweli. Rafiki yangu aliniwekea kwenye flashi, nikachomeka kwenye sabufa, nikafungulia besi mpaka mwisho nikisubiri kile kishindo nilichokizoea kwa hawa jamaa, kile kinachokupiga kifuani kabla hakijafika masikioni, na sikukipata. Nikapata gitaa. Gitaa, piano, dramu za mtu anayepiga kwa mikono yake, mavayolini, na ngoma ya tatu kuna mzee anahadithia maisha yake dakika mbili nzima kabla muziki haujakolea. Nikasema basi, hawa nao wamezeeka, wamekwisha. Nilikuwa nawapenda tangu disko toto za Idd, tukiwa wadogo tunaruka mpaka shati linalowa dijei akiweka One More Time, kwaio niliumia kama mtu aliyefanyiwa kitu kibaya na ndugu yake.

Siku ya tatu ndo jirani yetu akaja. Tulikuwa tunakaa Temeke, nyumba ya kupanga ile ya korido katikati na vyumba huku na huku, ukiwasha redio chumba cha kwanza wa chumba cha sita anajua unasikiliza nini. Huyu mzee enzi za ujana wake alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi, sitaitaja, na alikuwa hana kawaida ya kugonga mlango wa mtu. Nilipomuona nikajua nimezidisha sauti.

"Shikamoo mzee, samahani, napunguza sasa hivi."

"Marahaba mwanangu. Usipunguze. Huyo anayepiga besi ni nani?"

Nikamwambia mzee hawa ni Wafaransa wawili wanavaa helmeti kama maroboti, wanatengeneza kila kitu kwa mashine. Akatikisa kichwa. "Mashine haichelewi hivo. Huyo ni mtu, tena mtu mzima. Rudisha mwanzo." Nikarudisha Get Lucky mwanzo, akasimama palepale mlangoni, vidole viwili vya mkono wa kulia vinatembea kwenye fremu ya mlango, na kila besi ilipoingia vidole vyake vilikuwa vimeshafika. Akawa ananionesha, "umeona hapo? amengoja kidogo, ndo akaweka." Ngoma ikaisha akasema tena. Tukarudia mara nne.

Baadae ndo nikaja kujua aliyepiga besi hiyo anaitwa Nathan East, Mmarekani, mtu wa studio aliyewapigia wakubwa kibao akiwemo Eric Clapton. Mzee alikuwa sahihi bila kuambiwa na mtu. Na mimi niliyejiona shabiki wa miaka kumi na kitu nilikuwa sijasikia kitu, nilikuwa natafuta kishindo tu.

Sasa hapa ndipo nataka kuongea na watu ambao mpaka leo wanasema Daft Punk waliacha njia yao kwenye hii albamu. Hawakuacha njia, walirudi ilikoanzia, na walirudi kwa gharama ambayo kwa mtu mwenye kompyuta na jina kubwa hakuna aliyemlazimisha kuilipa.

Kwa ambao hamuwafahamu vizuri: ni Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, walikutana shule, Lycée Carnot pale Paris, mwishoni mwa miaka ya 80. Na walianza na magitaa! Walikuwa na kibendi kinaitwa Darlin', wao wawili na mwenzao Laurent Brancowitz ambae baadae alienda kwenye bendi ya Phoenix, gazeti la muziki la Uingereza la Melody Maker likaandika kwa dharau kwamba muziki wao ni kelele za "daft punky", wakachukua lile tusi wakalifanya jina. Wakaweka magitaa pembeni wakanunua mashine. 1997 wakatoa Homework, na jina lenyewe linakwambia, ilirekodiwa nyumbani kwenye chumba cha kulala cha Thomas, biti nzito, lupu, yaani kipande kimoja kinachojirudia, inazunguka mpaka unasahau ilipoanzia. 2001 Discovery, humo wakawa wanachukua vipande vya disko na funki za zamani wanavikata, wanavigeuza, wanavishona upya. Hapo ndipo helmeti zikaja na ile hadithi yao wenyewe kwamba tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 1999 mashine ililipuka studio wakaamka ni maroboti. 2005 Human After All, ilifanywa wiki chache tu, kavu, ngumu, wengi hawakuipenda. Alafu ile ziara ya 2006 na 2007 ya piramidi la taa ambayo mpaka leo madijei wanaiota, alafu 2010 muziki wa filamu ya Tron: Legacy waliofanya na okestra nzima. Kumbuka hiyo okestra maana ndo palipoanza kubadilika, wakiwa wameshazoea kukaa chumba kimoja na watu wanaoshika vyombo.

Random Access Memories waliianza kama 2008 wakaimaliza 2012. Miaka minne! Kipindi hichohicho dunia nzima ya muziki wa elektroniki ilikuwa imehamia kwenye laptopu, kila prodyuza ana programu zilezile, sauti zilezile zilizokuja na programu, biti inapanda inapanda alafu inaangushwa watu warushe mikono, na wengi wa hao vijana wakikutajia waliowafundisha wanakutajia Daft Punk. Yaani walikuwa na kila sababu ya kutoa albamu ya namna hiyo na wangekula pesa wamekaa tu. Wao wakaenda kukodi studio kubwa za zamani, Henson na Conway na Capitol kule Los Angeles, Electric Lady kule New York ile aliyoijenga Jimi Hendrix, Gang pale Paris, wakaita wapigaji ambao wewe na mimi tumewasikia maisha yetu yote bila kujua majina yao. Dramu, John "JR" Robinson aliyempigia Michael Jackson kwenye Off the Wall, na Omar Hakim aliyepita bendi ya jazi ya Weather Report. Gitaa, Paul Jackson Jr. na Nile Rodgers mwenyewe wa Chic, lile kundi la disko la Marekani. Besi, Nathan East na James Genus. Vinanda, Chris Caswell. Wakirekodi, sauti inaingia kwenye tepu ya zamani na kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, alafu wanakaa wanasikiliza ipi imekaa vizuri zaidi. Na ile kazi iliyowapa jina, ya kuchukua vipande vya nyimbo za watu, wameifanya mara moja tu kwenye ngoma kumi na tatu, ngoma ya mwisho kabisa. Ntaifikia.

Nafikiri kinachonigusa hapa kinatugusa sisi kuliko anavyoguswa Mfaransa. Sisi tumeshuhudia safari hiyohiyo ikienda kinyume. Bendi iliyokuwa na watu kumi na tano, tarumbeta tatu, solo, rithimu, besi, tumba, leo ukienda ukumbini unakuta watu watano na kinanda kinachofanya kazi ya waliobaki nyumbani. Taarabu ile ya vayolini na kanuni na udi ikawa ya kinanda. Siwalaumu, maisha ni magumu na kuwalipa wapiga tarumbeta watatu si mchezo. Ila ukiwa umekulia hapo, alafu ukasikia watu ambao walikuwa ndo wafalme wa mashine wanasema sasa tunataka mtu, tunataka jasho la mtu kwenye hii ngozi ya dramu, unakaa kimya kidogo.

Ngoma ya kwanza, Give Life Back to Music, jina tu ni tangazo. Inaanza kwa kishindo cha bendi nzima kwa mara moja, kama ukumbi umefunguliwa milango yote, alafu inashuka taratibu na unabaki na gitaa la Nile Rodgers. Vaa hedifoni nzuri usikilize mkono wake wa kulia. Anapiga nyuzi kila wakati, hauachi kwenda juu chini, ila mkono wa kushoto ndo unaamua ipi isikike ipi ifungwe, kwaio kinachokufikia ni noti chache na katikati yake ni ule mkwaruzo mkavu wa nyuzi zilizozibwa, tchk tchk tchk. Ule mkwaruzo ndo dansi yenyewe. Kwenye bendi zetu huyu ndo yule mpiga rithimu ambae hakuna anayemtaja kwa jina, wote wanamshangilia wa solo, ila siku akiumwa muziki mzima unakuwa kama nyumba isiyo na fanicha. Kwenye hii albamu wamemtoa yule mtu nyuma wakamuweka mbele kabisa, na mi kwa hilo tu ningewapa heshima.

Ya pili The Game of Love ni taratibu, roboti anaimba kaachwa. Imekaa vizuri ila ntarudi kuilalamikia.

Ya tatu ndo Giorgio by Moroder na hii nataka kukaa nayo. Dakika tisa. Yule mzee niliyekwambia anahadithia ni Giorgio Moroder, Muitaliano wa kule milimani kaskazini, ndie aliyetengeneza I Feel Love ya Donna Summer mwaka 1977, wimbo ambao karibu wote umepigwa na sinthesaiza, kile kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti zake chenyewe, wakati ambao watu waliona hicho ni kitu cha kwenye filamu za anga. Ukichora ukoo wa muziki wa hausi na tekno na vyote vilivyofuata, babu ni huyo. Wakamuita studio, yeye akadhani anaenda kufanya nao muziki, wakamkalisha wakamwambia tuhadithie maisha yako tu. Hakugusa chombo. Na maiki zilikuwa zaidi ya moja, za miaka tofauti, ya zamani kwa habari za zamani, mpya kwa habari mpya. Wewe na mimi hatuwezi kusikia tofauti, na hilo walilijua, wakafanya hivohivo.

Basi anaongea, nyuma unasikia watu kama wako mgahawani, vijiko na sahani, anasema alivokuwa kijana akipiga kwenye madisko Ujerumani, analala kwenye gari. Anafika pale anapoeleza alivyotaka kupata sauti ya kesho akakumbuka sinthesaiza, anataja ule mlio unaohesabu mapigo ili mashine ziende pamoja, na palepale unausikia mlio wenyewe, unahesabu peke yake, alafu sinthesaiza inaingia noti moja moja kama matone ya mvua kwenye bati. Nilipoelewa walichofanya nilisimamisha nikaanza upya. Wamekuwekea historia ya muziki wao wenyewe na wakakuonesha kwa vitendo dakika hiyohiyo anapoisema. Baada ya hapo piano, alafu mavayolini, alafu Omar Hakim na dramu zake na James Genus kwenye besi wanaanza kukimbizana na ile mashine, na sijui niseme nini zaidi, dakika mbili za mwisho dramu zinapigwa kama jamaa ana mikono minne na mashine haijasimama hata kidogo, inaendelea na noti zake zilezile. Mtu na mashine, hakuna aliyeshinda. Ngoma hii nikiipiga nikiwa na mgeni huwa siongei mpaka iishe.

Na hapo inabidi niseme kuhusu disko maana wengine wanaitaja kama tusi. Julai 12, 1979 kule Chicago watu walijaza uwanja wa mpira wao ule wa besiboli wakalipua rundo la sahani za disko, kelele, vurugu, na redio za Marekani zikaanza kuukimbia muziki wa watu weusi na Walatini na mashoga uliokuwa unacheza klabu. Nile Rodgers na Chic walikuwa juu kabisa mwaka huohuo, na baada ya hapo milango ikaanza kufungwa. Ila klabu za Chicago hazikuacha, zikaendelea kuzipiga zile sahani na kuziongezea mashine za biti, na hiyo ndo hausi, na hausi ndo iliyowalea Daft Punk. Tena baba yake Thomas, Daniel Vangarde, alikuwa mtunzi na prodyuza wa disko, ndie aliyekuwa nyuma ya kundi la Ottawan ambalo wazazi wetu wengi walilicheza kwenye sherehe zao. Kwaio mtu akikwambia hawa walijigeuza kuwa disko ili wapate redio, mwambie huyu alizaliwa ndani yake.

Within ni piano ya Chilly Gonzales, fupi, kazi yake ni kuivusha albamu kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine, na inaivusha vizuri. Lakini roboti analia tena! Ngoma ya pili kalia, ya nne kalia, sauti ileile ya vokoda, mashine inayoigeuza sauti ya mtu iwe ya roboti, mwendo uleule. Hapa ndipo albamu inapolegea na hapa ndipo mtu asiye na subira anaizima. Ningekuwa na uwezo ningeacha moja. Instant Crush inaokoa, Julian Casablancas, mwimbaji wa bendi ya rock ya The Strokes, wamempitisha kwenye vokoda mpaka sauti yake imekuwa kama mtu anayeongea na wewe kwa simu ya mbali, kiitikio kinapanda juu sana na kinauma, kuna watu nawajua hawapendi muziki wa elektroniki kabisa ila hii wanaijua yote. Lose Yourself to Dance ni mwimbaji Pharrell Williams na Nile na makofi. Makofi tu na besi, haiharakishi, inakupa muda wa kutoka kwenye kiti.

Touch sasa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nairuka. Imekaa katikati kabisa, namba 7, dakika nane, inaanza na milio ya ajabu kama mtu amepotea angani, alafu sauti ya mzee Paul Williams, mtunzi wa nyimbo wa Marekani aliyezaliwa 1940, sauti imechoka, inatetemeka kidogo, na wameiacha ilivyo bila kuipaka chochote. Inageuka inakuwa sherehe yenye matarumbeta, inageuka inakuwa kwaya, mavayolini yanapanda, kila ukidhani umeelewa inahama. Mwisho vyote vinaondoka anabaki mzee na piano. Ilinichukua kupoteza mtu wa karibu ndo nikaielewa. Inamhusu mtu anayekumbuka kuguswa, kushikwa mkono, na kumbukumbu ndo kitu pekee alichobaki nacho, na ukishajua hivo unaona kwanini albamu nzima inaitwa hivo ilivyoitwa. Siwezi kumlazimisha mtu aipende. Ila usiiruke kama nilivyofanya mimi.

Get Lucky hiyo mnaijua, sina la kuongeza zaidi ya la yule mzee. Beyond inanisikitisha, okestra inaanza kama mfalme anaingia, nywele zinasimama, alafu sekunde chache baadae imezimwa na tunarudi kwenye mwendo wa kawaida wa roboti anaimba taratibu. Kama unaita okestra nzima iache iongee. Motherboard haina maneno, nzuri ya usiku. Fragments of Time kaimba Todd Edwards, huyu ni prodyuza wa New Jersey ambae wengi walimjua kwa kukata sauti za watu vipande vidogo vidogo kama kachumbari, alishakuwa nao kwenye Discovery, na hapa wamemwambia aimbe mzima mzima bila kukata chochote, wimbo mtamu wa safari ndefu ya gari na dirisha limeshushwa. Doin' It Right, na mwimbaji anayejiita Panda Bear, ndo pekee iliyobaki ya mashine tupu, roboti anarudia maneno yaleyale, biti nzito chini, na kwa vile umetoka kukaa saa nzima na vyombo vya watu, ile biti ya mashine ikiingia unaisikia kama mpya. Hapo ndo nilipata kile kishindo nilichokuwa nakitafuta 2013. Kilikuwepo, kilikuwa kinangoja namba 12.

Alafu Contact. Inaanza na sauti ya Eugene Cernan, kamanda wa Apollo 17, Desemba 1972, mtu wa mwisho kuacha nyayo mwezini, anaripoti kaona kitu kinazunguka nje ya dirisha. Kisha kile kipande nilichosema ntakifikia, kimechukuliwa kwa bendi ya Australia inaitwa The Sherbs, kinanda kikubwa kama cha kanisani, dramu zinaingia, na kuanzia hapo kazi ni moja tu, kupanda. Inapanda, mlio unazidi kuwa mkali, dramu zinapasuka, unadhani imefika mwisho kumbe bado, mwishoni ni kelele tupu inayotetemesha spika mpaka inakatika kama waya umechomolewa. Sabufa yetu ilikuwa inatembea juu ya meza. Wametumia saa nzima na dakika kumi kukuonesha wanaweza bila kuchukua muziki wa mtu, alafu ngoma ya mwisho wakachukua na wakarushia roketi.

Matokeo yake mnayajua. Wiki ya kwanza Marekani ilienda nakala 339,000 ikakaa namba moja. Januari 2014 kwenye Grammy wakabeba tano usiku mmoja, ikiwemo albamu ya mwaka na ile ya ufundi wa sauti, wao wamesimama na helmeti hawasemi neno, walioshukuru kwenye maiki ni wenzao akina Pharrell na Paul Williams. Ile tuzo ya ufundi wa sauti mi naithamini kuliko zingine. Zile miaka kila mtu alikuwa anabana sauti mpaka wimbo mzima unakuwa mkubwa usawa mmoja kama mtu anayepiga kelele bila kuvuta pumzi, hawa waliacha kidogo kiwe kidogo na kikubwa kiwe kikubwa. Kwaio ukiifungua baada ya albamu nyingine utaiona iko chini, usidhani ni mbovu, ongeza sauti mwenyewe, ndo maana kitasa cha sauti kipo.

Kuhusu ipi ununue au ipi upige bando lako. 12 Mei 2023 walitoa toleo la miaka kumi lenye vitu vya ziada kama dakika 35, na humo kuna kimoja tu ambacho ningekulipia mimi mwenyewe, The Writing of Fragments of Time, unawasikia Thomas na Todd Edwards wanautunga ule wimbo, wanaongea, wanajaribu, wanacheka, neno linapatikana mbele yako. Mtu yeyote anayejifunza kutunga asikilize. Vingine ni vya shabiki. Novemba mwaka huohuo wakatoa toleo lisilo na dramu kabisa, albamu nzima wametoa dramu na vyombo vyote vya kugonga. Watu wengi walilalamika. Mi nasema Within na Motherboard humo zimependeza kuliko mwanzo, mavayolini yanaonekana, Touch inakuwa kama sala. Ila Contact bila dramu ni roketi isiyo na moto, na Lose Yourself to Dance inabaki inaning'inia.

Kama hujawahi kuisikiliza anza na ya kawaida ya 2013, mfululizo, usichague, usitumie spika ya simu, hata iafoni za bei ndogo ni afadhali. Haitakuja nyingine, 22 Februari 2021 waliweka video ya dakika nane wakaagana na ikaishia hapo.

Lile toleo lisilo na dramu nilimpelekea yule mzee mwaka jana, saivi yuko kwa binti yake Mbagala, miguu inasumbua lakini masikio yako palepale. Nikampa hedifoni, nikaweka Get Lucky. Akasikiliza kama nusu dakika, vidole viwili vikaanza kutembea kwenye mkono wa kiti, vikasimama.

"Mwenzake yuko wapi?"

Nikamwambia mzee, hii wamemtoa mpiga dramu makusudi, watu wasikie vilivyobaki.

"Wamemuacha besi peke yake hivi?" Akavua hedifoni akanirudishia. "Nenda kaniwekee ile ya mwanzo."

Nikamuwekea.